Mashine ya Tembe Niliyomtengenezea Mtu wa Dirisha

Mwaka wa 1992 nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini na taabu si kitu kimoja. Maskini hulala, akaamka, akaenda kazini. Mwenye taabu huamka kwanza akasikiliza kama aliyelala karibu naye bado anapumua.

Shule niliacha darasa la tatu, huko Kitui. Mwalimu alinichapa kwa kosa la mwingine, nami nikamrudishia kwa kibao cha kuandikia. Sikurudi, wala sijutii. Nasema hili mapema ili anayesoma ajue ni mtu wa namna gani anayemsimulia. Nikionewa sisahau.

Bati nilijifunza Nairobi, kwa kukaa karibu na mtu aliyelijua na kumtazama mikono. Kufikia mwaka huo nilikuwa na banda langu mwenyewe kando ya njia pale Sarang'ombe, Kibera. Nilitengeneza masanduku ya watoto wa bweni, majiko, mikebe ya kunyunyizia sukuma wiki, na masanduku ya vyama vya akina mama. Mke wangu alifua nguo za watu kwenye magorofa ya Nyayo Highrise. Watoto wetu wawili walikuwa kwa mama yangu nyumbani.

Mama watoto alianza kukohoa wakati wa baridi ya Julai.

"Ni hii sabuni," alisema. "Inanikaba."

"Sabuni haitoi damu," nilimwambia, kwa sababu nilikuwa nimekiona kitambaa alichokificha chini ya beseni.

Dawa ya kifua kikuu ilipatikana bure Kibera kwenyewe, lakini hatukuipokea Kibera. Tulikwenda Kawangware, kwenye kliniki moja ndogo ya mabati iliyoendeshwa na kamati ya wakaaji. Usishangae. Watu wa Kibera wenye kifua walikwenda Kawangware, na wa Kawangware walikuja Kibera, ili jirani asijue. Ukikutana na mtu njiani pale Ngong Road asubuhi, yeye akishuka na wewe ukipanda, mnaangalia kando. Hakuna anayemsalimu mwenzake, na kila mmoja ameshajua.

Pale kliniki kulikuwa na dirisha la kutolea dawa, na kwenye dirisha kulikuwa na mtu. Hakuwa daktari, lakini alivaa koti jeupe na watu walimwita daktari, naye hakuwakataza. Alikuwa na kisu cha siagi cha kuhesabia tembe. Alizisukuma mbili mbili kwenye sahani haraka hata macho hayakufuata, akazimimina kwenye bahasha ya kaki, akalamba gundi, akafunga. Mke wangu alitakiwa kumeza tembe nne nyekundu na mbili nyeupe kila siku, kwa miezi minane, bila kuruka hata siku moja. Kila Jumatatu alipewa za siku saba.

Wiki ya kwanza zilitosha. Wiki ya tatu ziliisha Ijumaa. Mama watoto akafikiri amekosea, pengine alimeza mara mbili kwa sababu ya homa. Wiki ya nne nilizimwaga mwenyewe juu ya kitanda nikazipanga kwa mistari, kama ninavyopanga misumari. Nyekundu zilikuwa ishirini badala ya ishirini na nane.

Jumatatu nilifunga banda, nikaenda naye. Nilisimama kwenye laini mpaka zamu yetu ikafika.

"Hizi hazikutosha," nilimwambia yule mtu. "Ulimpa za siku tano ukaandika saba."

"Nani alihesabu?"

"Mimi."

"Umesoma mpaka wapi?"

Nikatazama nyuma. Laini ilikuwa ndefu, na watu wote walisogea wapate kusikia.

"Nimekuuliza, mzee. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Basi mbuzi hesabu wewe. Dawa niachie mimi."

Watu wakacheka. Watu wagonjwa, wenye mashavu yaliyoingia ndani, walicheka kwa sababu walitaka yule mtu awaone wakicheka. Mke wangu alinivuta shati. "Twende, baba. Twende tu." Yule mtu alichukua kadi ya mke wangu, akaandika kitu kwa kalamu nyekundu, akairudisha. Sikuweza kukisoma. Wiki iliyofuata tuliambiwa maana yake. Aliandika kwamba mgonjwa huyu anauza dawa zake. Kwa hiyo tembe hapati tena, hata Kibera, mpaka aende hospitali kubwa na barua, aanze upya. Barua ilitakiwa kutoka kwenye dirisha lilelile.

Kila tulipokwenda, barua haikuwa tayari. Mara kalamu imeisha wino, mara muhuri uko na sista, na sista aliyesimamia kliniki wakati huo alikuwa akionekana mara moja kwa mwezi. Barua ilipatikana baada ya wiki saba, kifua kimeshamla. Wakati wa mvua ndefu za mwaka uliofuata nilimzika mke wangu Kitui, kwenye udongo ambao kwa mara ya kwanza baada ya misimu mitatu ulikuwa laini kwa jembe.

Pale makaburini mhubiri alisema Mungu ametwaa. Nikasema moyoni, hapana, huyu nimjuaye mimi ana kisu cha siagi.

Sasa niseme wazi nilichotaka. Sikutaka apigwe. Ningeweza kumpiga mwenyewe, na mkono wangu ni wa nyundo, ningempiga mara moja tu. Lakini mtu akipigwa watu humhurumia. Nilitaka atoke kwenye lile dirisha kwa miguu yake, mchana, laini ikimtazama, na mahali pake pakae kitu kisichoiba wala kutukana. Nilitaka aondolewe na bati. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo kwa miaka miwili.

Nafasi ilikuja na sista mpya. Alikuwa mama mrefu kutoka upande wa Kakamega, anayeongea polepole na kutazama mtu usoni. Alikuja Sarang'ombe mwenyewe kutafuta fundi wa kumtengenezea kabati la dawa. Aliulizia, akaelekezwa kwangu, hakujua mimi ni nani.

"Nataka kabati lenye kufuli," alisema. "Dawa zangu zinapungua na sijui zinakwenda wapi. Makopo yanafika yamefungwa, yanafunguliwa mbele yangu, na bado wagonjwa wanalia hazitoshi."

"Kabati halitakusaidia, sista. Mwenye kutoa dawa si ndiye mwenye ufunguo?"

"Ndiyo."

"Basi unamjengea mwizi nyumba."

Alinitazama. Nikaweka nyundo chini, nikamwambia nitamtengenezea kitu cha kutoa tembe chenyewe. Mgonjwa ataweka kadi yake, kitu kitahesabu, tembe zitaanguka, bila mkono wa mtu.

"Fundi, vitu kama hivyo viko Ulaya."

"Ulaya pia kuna bati."

Alicheka, lakini alipoenda alinipa nilichoomba: tembe moja nyekundu na moja nyeupe, zimefungwa kwa pamba. Sisi mafundi wa jua kali, wa kando ya njia, hatufanyi kazi kwa mchoro. Mtu huleta sampuli, ukaipima kwa vidole, ukatengeneza mwenzake. Ukiniletea bawaba nitakupa bawaba. Nilipewa tembe mbili, nikatengeneza mashine kwa kipimo cha tembe mbili.

Nieleze ilivyokuwa, kwa maana wengi wamenisingizia kwamba niliiba wazo. Wazo lilitoka kwenye ufunguo. Ufunguo ni bati lenye mapengo, na mapengo ndiyo yanayosema kipi kifunguke. Nikakata kadi za bati ndogo kama pakiti za sigara, nikachonga mapengo kwa tupa pembeni: upande wa kushoto mapengo ya tembe nyekundu, upande wa kulia ya nyeupe. Mtu wa nyekundu nne na nyeupe mbili, kadi yake ilikuwa na mapengo manne huku na mawili kule. Kadi ikisukumwa ndani, kila pengo lilinasa kidole cha chuma, kidole kikavuta kisahani chenye tundu la tembe moja, tembe ikaanguka. Kadi moja ilikuwa ya siku moja. Mgonjwa wa wiki alipewa kadi saba kwenye waya, na kila iliyopita iliangukia kwenye sanduku la ndani, haikutoka mpaka sista afungue. Springi nilitoa kwenye viti vya baiskeli mbovu. Mabomba ya kupangia tembe yalikuwa fimbo za pazia. Mwili wote ulikuwa bati la pipa la mafuta, nililolichoma na kulisugua mpaka likaacha kunuka.

Ilinichukua miezi mitano, nikiifanya kati ya kazi na kazi. Banda la jua kali halina mlango, kila apitaye ana neno.

"Fundi, hiyo ni posho mill ya kusagia unga?" aliuliza mama wa samaki wa banda la pili, Mjaluo asiyejua kunyamaza.

"Hapana."

"Inatoa soda?"

"Inatoa dawa."

"Ya mapenzi ama ya tumbo? Kama ni ya mapenzi niandike wa kwanza. Baba watoto wangu ameanza kununua mafuta ya nywele."

Sikuwa na tembe za kujaribia, kwa hiyo nikatumia ndengu na maharagwe. Kwetu Ukambani ndengu hazikosi nyumbani, na maharagwe makubwa mekundu yalikaribia ile tembe nyekundu kwa ukubwa. Nilijaribu asubuhi hadi jioni, wiki nzima. Nne na mbili, nne na mbili. Haikukosea hata mara moja. Nikajua nimempata yule mtu wa dirisha.

Siku ya kuionyesha tuliipeleka Kawangware kwa mkokoteni, imefunikwa gunia. Kamati ilikuwa pale: mwenyekiti, mama mwenye duka la nafaka, na wazee watatu. Sista alikuwepo. Laini ya wagonjwa ilikuwepo. Na yeye alikuwepo, amejiegemeza kwenye dirisha lake, mikono kwenye mifuko ya koti. Hakunikumbuka. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikuwa nimembeba kichwani miaka miwili na yeye hakunikumbuka.

Tukajaza tembe za kweli. Nikasukuma kadi ya kwanza: nne na mbili. Ya pili: nne na mbili. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Ya tatu ikatoa nyekundu tano. Ya nne ikakwama. Nikaisukuma kwa nguvu, ikatoa nyeupe moja, nusu ya nyeupe, na unga.

Ndengu ni ngumu na imejisugua yenyewe, haiachi vumbi. Tembe ni chokaa iliyobanwa. Kila kisahani kilipopita kilikwangua kidogo, na ule unga uliingia chini ya vidole vyangu vya chuma ukavishika. Mtu aliyesoma angejua hilo kabla ya kukata bati. Mimi nilijaribu dawa kwa chakula.

Yule mtu alikuja akaokota ile nusu, akaiinua watu waione.

"Mheshimiwa fundi, hii nusu ni ya nani? Ya mgonjwa aliyekufa nusu?"

Laini ikacheka.

"Ulijaribu na nini?" sista aliniuliza taratibu.

"Ndengu."

Hapo hata wazee wa kamati walicheka. Yule mtu alifuta machozi kwa mkono wa koti. "Daktari wa ndengu," alisema. "Jamani, tumeletewa daktari wa ndengu kutoka Ukambani. Mama, wewe una TB ama una njaa?"

Jina likanifuata. Ndani ya mwezi mmoja, nikipita Riruta, jirani na Kawangware, vijana waliokaa kwenye ukuta waliniita, "Niaje, daktari wa ndengu, leo kuna chapati?" Nami nilipita bila kugeuka. Lakini nikiandika haya lazima niseme kitu ambacho sikumwambia mtu wakati ule. Ile tembe ya tano nyekundu ilinitisha. Mwenye dirisha aliwapunguzia watu, nami nilitaka kuwazidishia, na sumu haijali kama aliyekupa ni mwizi au mwenye hasira. Niliirudisha mashine bandani, nikaifunika, nikatengeneza majiko tu kwa miezi miwili.

Aliyeniamsha ni yule mama wa samaki. "Unajua kwa nini posho mill haikwami?" aliniuliza siku moja akiparua magamba. "Kwa sababu inatikisika. Na chini yake kuna chekeche. Unga una mahali pa kwenda. Wa kwako unakwenda wapi?"

Nilitupa nyundo chini. Alidhani nimekasirika.

Nikaiacha ile mashine kando, nikaanza nyingine upya. Chini ya kila kisahani niliweka bati lililotobolewa kwa misumari, matundu madogo, ili unga uanguke kwenye droo ya chini. Kingo zote nilizipiga msasa mpaka zikapita kwenye ulimi bila kukwaruza. Kweli nilizipima kwa ulimi. Kidole kila kilipovuta kiligonga bomba kidogo, likatikisika. Sista alinipa kopo zima la tembe zilizopitwa na wakati, za kutupwa. Nilijaribu na hizo hadi zikaisha kuwa vumbi, nikaomba nyingine. Sikukubali iende mpaka ilipopita kadi elfu moja bila kosa, na nilizihesabu mwenyewe, mimi wa darasa la tatu, nikikata alama za mkaa kwenye nguzo.

Mara hii tulipokwenda Kawangware sikualika mtu acheke, lakini walikuja. Mashine ikafanya kazi. Laini nzima ilipita, kadi moja baada ya nyingine, na hakuna aliyecheka. Sista alihesabu kila bahasha kwa mkono wake.

Yule mtu naye hakuwa mjinga. Alingoja mpaka wazee walipoanza kunipa mkono, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Ni kazi nzuri. Mimi nimefurahi, itanipunguzia kazi. Swali langu ni moja. Nani atakuwa anaijaza?"

Kila mtu akamtazama yeye. Ni yeye aliyekuwa na stoo. Angeijaza nusu na kusema mashine imemeza.

"Hilo ni swali la maana," nilimjibu. "Njoo uone mgongo wake."

Nyuma, kwenye mlango wa kujazia, nilikuwa nimetia kufuli tatu. Akina mama wote pale walielewa kabla sijasema. Sanduku la chama la Nairobi lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na wanawake watatu wasiopendana sana, ili wasije wakapatana. Hakuna anayefungua peke yake. Nilikuwa nimetengeneza masanduku hayo kwa miaka kumi na mitano. Nikampa sista ufunguo mmoja, na mwenyekiti nikampa wa pili. Wa tatu nikasema mshikaji wake achaguliwe na laini yenyewe. Walimchagua mama mmoja muuza mkaa, mkali, aliyekuwa mwezi wa sita wa dawa.

"Na mimi?" aliuliza yule mtu.

"Wewe utapumzika, daktari."

Mwenyekiti akasema basi tuijaze sasa hivi, ifungwe mbele ya wote. Makopo sita yakaletwa kutoka stoo, yale makubwa ya bati, vifuniko vimefungwa bado na karatasi ya kiwandani. Sista akayaangalia, akasema, "Haya ni mazima."

Mimi ni mtu wa bati. Ukinipa kopo sitaangalia kifuniko, nitaligeuza niangalie tako, kwa sababu fundi hujulikana kwa tako. Nikaligeuza la kwanza. Mshono wa kiwandani ni mwembamba na unang'aa sawasawa kuzunguka. Huu ulikuwa na risasi ya kuunganishia iliyomwagika kama kamasi, na alama ya patasi pembeni. Mtu alikuwa amelifungua kwa chini, akalifunga tena kwa mkono. Kazi mbovu. Hilo pia liliniudhi, kwamba aliyemuua mke wangu hakuona haja hata ya kutafuta fundi mzuri.

"Sista," nikasema, "kopo hili limezaliwa mara mbili."

Sikufungua kifuniko. Nilichukua patasi yangu, nikatoa tako lote mbele yao. Likatoka bunda la magazeti yaliyokunjwa. Tembe zilikuwa juu tu, chini ya kifuniko, safu ya vidole vinne. Makopo manne kati ya sita yalikuwa hivyo. Ndiyo maana kila kopo lililofunguliwa mbele ya sista lilionekana limejaa.

Hakuna aliyepiga kelele. Yule muuza mkaa alikuwa na bunda la magazeti mkononi, akilizungushazungusha. Akamwuliza yule mtu, kwa utulivu kabisa, "Mwanangu wa kiume alikuwa anakuja hapa kabla yangu. Unamkumbuka?"

Yule mtu alivua koti, akaliweka dirishani, akatoka. Alipita kando ya laini yote, watu hamsini hivi, na wote walimtazama. Aliponifikia nilimwambia jina la mke wangu. Sitaliandika hapa. Nikamwambia na wiki: saba. Alinitazama kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na mpaka leo sijui kama alikumbuka.

Ungedhani hapo nilitosheka. Sikutosheka. Kamati haikutaka aibu, polisi hawakuitwa. Alikwenda zake, na kabla mwaka haujaisha akafungua duka la dawa Riruta, lenye rangi ya kijani na msalaba mweupe. Alilifungua kwa tembe zetu.

Nikahamisha banda langu. Niliacha Sarang'ombe, wateja wangu wote, na yule mama wa samaki aliyeniita mwendawazimu mbele ya watu, nikakodi nafasi ya wazi kando ya barabara, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa duka lake. Nikaacha majiko, nikachukua kazi ya mapipa. Anayejua kazi hiyo anajua kwa nini. Kunyoosha pipa kwa nyundo hakuna sauti nyingine inayofanana nako. Nilianza alipofungua, nikaacha alipofunga. Jumapili nilipumzika kwa sababu naye alipumzika.

Baada ya wiki tatu alivuka barabara.

"Mzee wangu, wateja hawasikii ninavyowaelekeza."

"Waandikie kwa kalamu nyekundu."

"Unataka nini kwangu?"

"Hakuna ulicho nacho ninachotaka."

Mashine ya kwanza, ile iliyokwama, niliiweka mbele ya banda. Watu waliuliza ni nini. Niliwaeleza yote, tangu kisu cha siagi mpaka magazeti, na wakiuliza huyo mtu alikwenda wapi, sikutaja jina. Nilielekeza kwa kidevu. Sikuongeza uongo hata mmoja, na sikuhitaji. Mchungaji wangu alikuja akaketi kwenye debe, akaniambia kisasi ni cha Bwana. Nikamwambia Bwana ana kazi nyingi, namsaidia hii moja. Hakucheka. Aliniambia, "Na ukimaliza naye, utapiga nini?" Ni swali ambalo limenikaa.

Mwenye duka alivumilia miaka miwili na miezi kadhaa. Wateja walimpungua mmoja mmoja, kisha rafu zikawa tupu, kisha akauza kiwanja na duka. Mnunuzi alikuwa shemeji yangu, na pesa zilikuwa zangu, za kazi ya mapipa. Yule mtu alijua siku ya kukabidhi ufunguo, aliponiona nikiingia. Alikuwa amekonda. Alikuwa anakohoa, nami nilikisikia kile kikohozi na nikakijua. Nikamwambia aende Kawangware, kwenye ile kliniki, mashine ipo na haimuulizi mtu amesoma mpaka wapi. Sikusema hivyo kwa wema. Nilitaka asimame kwenye laini. Sista aliniambia baadaye kwamba alikwenda, akamaliza miezi yake minane, na kila Jumatatu mashine ilimpa sawasawa. Akapona akarudi kwao. Siku niliposikia amepona sikula. Nilikuwa nimetengeneza kitu kilichomponya yeye na kilichochelewa kwa mke wangu, na hasira haikupata mahali pa kwenda.

Mashine ilifanya kazi pale miaka minne, mpaka tembe zilipoanza kuja zimepangwa kwenye karatasi za kiwandani na haikuhitajika tena, nikarudishiwa. Watu huniuliza kama nimesamehe. Sijasamehe. Nimezeeka tu.

Leo nina vitu hivi. Kiwanja cha Riruta, chenye vyumba kumi na viwili vya kupangisha na maduka mawili mbele. Banda la bati lenye mafundi wanne, nami siku hizi nakaa tu nawakosoa. Mikasi ya bati mitatu, mmoja tangu mwaka wa 1975. Mashine mbili za tembe, iliyokwama na iliyofanya kazi, zote stoo. Ekari saba Kitui, na kaburi moja lililojengewa kwa saruji. Nyumba ya matofali huko huko. Watoto wawili waliosoma kunipita, mmoja mwalimu. Mke sikuoa tena. Ng'ombe wanne, mbuzi kumi na tisa, tangi la maji nililolitengeneza mwenyewe, na punda.